Mafuta Gani?

Pikipiki ilianza kulalamika Jumatatu, kwenye kilima cha kiwanda cha matofali. Ilitoa sauti ya kijiko kinachogonga sufuria: ko-ko-ko-ko. Nikadhani ni trei za mayai nyuma yangu. Nikasimama, nikakaza kamba, nikaendelea. Jumanne, mahali pale pale, kijiko kikageuka nyundo. Kisha kitu kikakatika tumboni mwake, gurudumu la nyuma likaburuta, tukasimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Nikapiga kiki. Kiki haikushuka. Nikaisimamia kwa uzito wangu wote, nayo ikanibeba juu kama kigoda.

Nikaisukuma hadi gereji, mayai yote yakiwa mgongoni mwake. Fundi wetu alikuwa amelala chali chini ya bajaji, miguu tu nje.

"Fundi, injini imekataa."

"Imekataa au imechoka?" miguu ikauliza.

"Njoo uiulize mwenyewe."

Akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali, akapiga kiki mara moja na kuacha. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa daktari anayetafuta pa kuketi kabla ya kusema.

"Mara ya mwisho uliweka lini mafuta, mama mayai?"

"Leo asubuhi."

"Leo?"

"Na jana. Na juzi."

"Unaweka mafuta kila siku?"

"Kwani wewe huweka lini?"

"Kila baada ya mwezi."

Nikacheka kwa uchungu wangu wote. "Ya kwako inakunywa mara moja kwa mwezi? Pikipiki hiyo au ngamia?"

Hakucheka. Akazungusha kifuniko kidogo ubavuni mwa injini, mahali ambapo mkono wangu haukuwahi kufika, akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu kama mswaki wa mvivu. Akafungua bolti ya chini, akakinga kopo. Tukangoja. Likadondoka tone moja jeusi, zito, lenye vipande vinavyometameta. Halafu basi.

"Wewe umeweka petroli," akasema. "Oili je?"

Ngoja nieleze, maana najua unavyonitazama. Pikipiki ni ya mume wangu. Miezi saba iliyopita alipata kazi ya ujenzi mji wa mbali, akaniachia ufunguo, na wifi yangu, dada yake mkubwa, akaniachia kazi ya kusambaza mayai yake. Wifi anafuga, mimi napeleka, faida tunagawana. Kuendesha nilijifunza uwanjani kwa wiki moja, kwa kuanguka. Mambo ya ndani ya injini mume wangu aliyafanya mwenyewe Jumapili, amechuchumaa, na ukimuuliza anafanya nini anajibu, "Naiangalia." Nami nikajua pikipiki huangaliwa. Basi nikawa naiangalia kila Jumapili, tena kwa kitambaa safi.

Wifi alifika gerejini akihema, khanga begani, manyoya ya kuku kwenye kitambaa cha kichwa.

"Umeua pikipiki ya kaka yangu!"

"Shikamoo kwanza, wifi."

"Marahaba. Umeiua!"

"Nimeua nini? Tangi limejaa mpaka linamwagika!"

"Alisema mafuta! Mimi mwenyewe nilikuletea ujumbe. Alipiga simu nikiwa bandani, akasema, 'Mwambie mwenzako asisahau mafuta.' Nikakwambia!"

"Nami nikaweka mafuta!"

"Basi tumpigie."

Akaweka simu juu ya tairi kuukuu, sauti wazi. Mume wangu akapokea huku nyundo zikilia nyuma yake. Fundi akamweleza kwa ufupi. Nyundo zikaendelea.

"Lakini nilisema mafuta," akasema mwishowe.

"Na mimi nikamwambia mafuta," akasema wifi.

"Na mimi nikaweka mafuta," nikasema.

"Nilikuwa na maana ya oili!"

"Sasa mbona hukusema oili?" nikamrukia. "Mdomo ulikuwa na kufuli?"

"Kila mtu anajua mafuta ya injini..."

"Mimi sikujua," wifi akamkata, na ghafla sauti yake ikapungua. "Kusema kweli, mimi siku ile nilidhani ya kupikia. Nikanunua lita nzima kabla sijamwambia mwenzangu. Nikasema kaka yangu ana moyo, yuko mbali lakini anakumbuka jikoni."

Fundi ndiye aliyeanza. Alijizuia, akakohoa, kisha akaketi kwenye ndoo akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mashavu yake. Nasi tukafuata. Hata kwenye simu nilisikia nyundo moja ikinyamaza na mtu mzima akilia kwa kicheko. Neno lenyewe ndivyo lilivyo. Linapikiwa, linachomwa, linapakwa mwilini, linalainisha vyuma. Neno moja linafanya kazi za watu wanne, kama mimi katika nyumba hii.

Kicheko kilikoma fundi alipofungua injini.

Pistoni ilikuwa imechanika ubavuni kama imekwaruzwa na paka. Silinda imepata mifereji. Beringi ya chini, ile inayobeba mkono wa pistoni, imesagika. "Silinda hatununui mpya," akasema. "Naipeleka kwa fundi wa mashine, anaichonga upana kidogo, tunaweka pistoni nene zaidi na ringi zake. Beringi lazima mpya." Akataja bei.

Wifi hahesabu kwa noti. Alifumba macho, midomo ikacheza. "Kuku kumi na wanne," akasema.

"Wakubwa au vifaranga?" akauliza fundi.

"Usinitanie, mwanangu, nitakupiga na hiyo spana."

Hapo ndipo palikuwa na fundo. Shule ya bweni iliyo ng'ambo ya kilima ilikuwa imetupa mwezi mmoja wa majaribio: trei ishirini kila Ijumaa. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita vizuri, ya nne ndiyo hii. Mama wa stoo, mwenye penseli sikioni, alikuwa ametuambia mapema: mkikosa moja, msirudi. Wapanda pikipiki wengine hawabebi mayai. Wanasema ni kama kubeba maneno ya watu, ukiyumba kidogo tu ni lawama. Tukiuza kuku wa kutaga ili tuponye pikipiki, tutakuwa na pikipiki isiyo na mayai. Tusipouza, tutakuwa na mayai yasiyo na miguu.

"Pesa ikifika kesho asubuhi," fundi akasema, "Ijumaa alfajiri inanguruma."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, trei vichwani. Wifi alitangulia akiwapita majirani bila hata salamu, nao wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Jioni nilimkuta bandani, upande wa nyuma, kwa wastaafu. Hilo ndilo jina nililowapa mimi, kwa masihara: kuku wazee walioacha kutaga zamani, wanaokula pumba kama wanaotudai. Mara ngapi nimemwambia awauze? Kila mara hunijibu kwamba hilo si banda langu.

Alikuwa amemshika mmoja mapajani, mwekundu, kilemba kimeangukia jicho. Huyu tunamwita Mwenyekiti.

"Shemeji yako alipofariki," akasema bila kunitazama, "nilibaki na hawa. Wengine waliniambia niwauze nile. Hawa ndio walionisomeshea binti mpaka akamaliza. Nikajiapia watazeeka hapa hapa."

Nikachuchumaa kando yake.

"Tunaweza kuwaacha," nikasema. "Tutafute njia nyingine."

"Ipi?"

Nikaanza kuokota manyoya sakafuni.

Akampapasa Mwenyekiti shingoni. "Wako kumi na watatu. Na huyu."

"Huyu abaki," nikasema. "Nina pesa ya kusuka nywele. Nitafunga kitambaa."

"Mwezi mzima?"

"Nitafanana na wewe tu, wifi. Watu watasema tumezaliwa tumbo moja."

Alinisukuma begani nikaangukia pumba. Asubuhi muuza kuku wa sokoni alipokuja na matenga, wifi aliwashika mmoja mmoja kwa mikono yake, hakutaka mgeni awashike miguu. Kisha akajifungia ndani kwa muda. Nilipoondoka na pesa kwenda gereji, Mwenyekiti alikuwa akizunguka upande wa nyuma uliobaki mtupu kama amefika mkutanoni na wajumbe hawapo.

Ijumaa alfajiri fundi alipiga kiki mara mbili. Ya tatu ikanguruma, sauti nzito, iliyoshiba, bila kijiko wala nyundo. Akaniita, akanipa kijiti nikichomoe mwenyewe. Oili ikang'aa juu yake kama asali.

"Hii unaiangalia kila wiki. Na sikiliza: silinda imechongwa upya, pistoni na silinda bado hazijazoeana. Usikimbize. Nenda polepole mpaka zielewane."

"Kama mawifi," nikasema.

Wifi alikuwa tayari amepanda. Hakuwa amewahi kupanda pikipiki maishani; huwa anasema ni kifo kilichowekewa kiti. Alijibana kati yangu na mzigo, mgongo wake ukawa ukuta wa mayai.

"Unakwenda wapi?"

"Kuku wangu kumi na watatu wamo ndani ya injini hii. Lazima niwasindikize."

Tukaenda polepole. Baiskeli ikatupita. Mzee mwenye toroli akatupita, akageuka kututazama. Wifi akamwambia tuko kwenye msafara wa harusi. Kwenye kilima cha kiwanda cha matofali nilisikiliza kwa masikio, kwa magoti, kwa nyayo. Injini ikapanda ikivuma taratibu, bila pupa. Tulipofika kileleni wifi alipiga kigelegele sikioni mwangu, nusura nituangushe.

Mama wa stoo alikuwa langoni, anatazama jua. Akashusha trei moja moja, akiinua mayai na kuyageuza kutafuta nyufa. Kila Ijumaa alikuwa akitoa sita, saba. Leo trei ya kumi ikapita, ya kumi na tano ikapita. Katika ya mwisho akalikuta moja limepasuka.

"Hilo ni la kigelegele," nikasema. Wifi akatazama mawingu.

Mama wa stoo akarudisha penseli sikioni. "Ijumaa ijayo mje mapema kidogo."

"Ijayo?" wifi akauliza. "Si majaribio yameisha?"

"Ndiyo maana nasema ijayo."

Tulirudi polepole vile vile, ingawa hapakuwa na mzigo tena. Tukaingia kituoni, kijana wa pampu akaja mbio na mpira mkononi.

"Niweke mafuta, dada?"

Wifi akanitangulia, akiinua kidole juu ya bega langu:

"Mafuta gani?"