Kifungo cha Kuanzia

Nimeshona nguo miaka arobaini na tatu na sijawahi kukosea kipimo. Kuna bwana mmoja mnene nilimpima kiuno: nilianza kumzunguka na tepu asubuhi, na niliporudi nilikoanzia, chai yangu imepoa na wateja wengine wamezeeka. Hata huyo, suruali ilimkaa. Asiyeamini akamuulize, ingawa amehama.

Kwa majivuno hayohayo nikajitwika kumfundisha mjukuu wangu hesabu kabla hajaanza darasa la kwanza. Tunamwita Pindo, maana tangu anatambaa aling'ang'ania ncha ya suruali yangu kama ameshonewa hapo. Tepu yangu ndiyo ikawa kitabu chake. Namba zote alizisoma humo, akaziandika sakafuni kwa chaki ya fundi, mpaka mama yake, ambaye ni binti yangu, akalalamika kwamba anadeki ubao.

Sasa muhula haujafika hata katikati, Pindo akaleta barua ya mwalimu. Binti yangu akaisoma, akaikunja, akaikunjua tena.

"Baba, wanasema hawezi kuhesabu vitu. Ijumaa anapimwa. Akishindwa anarudishwa chekechea."

"Nani, huyu?"

Pindo alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Babu, chekechea wanalazwa mchana. Na rafiki zangu wote watabaki darasa la kwanza." Kidevu kikaanza kumcheza.

Nikamwaga vifungo vinane mezani. "Hebu, bibie. Vingapi hivi?"

Akagusa cha kwanza, kimya. Akagusa cha pili: "Moja." Cha tatu: "Mbili." Akafika mwisho bila wasiwasi wowote: "Saba."

"Na hiki cha kwanza kimekukosea nini?"

"Hicho ni cha kuanzia. Si wewe ulisema pa kuanzia hapahesabiwi?"

Nikatafuta kiti. Kweli nilisema. Kwenye tepu, kidole cha kwanza unakiweka pale kwenye kibati cha ncha, na hapo hujapima kitu bado. Moja iko mbele. Mtoto hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa mtiifu.

Nikamwambia vifungo si tepu, ahesabu vyote. Akanikazia jicho, akatabasamu. "Unanitega, Babu."

Ubaya wa kuwa mwongo wa kuchekesha ndio huo: siku ukisema kweli, mjukuu anasubiri umalizie mzaha. Siku tatu nilimbembeleza, na siku tatu akaruka cha kwanza huku anacheka, kunionyesha hadanganyiki.

Ijumaa nikavaa koti, nikaenda naye. Mwalimu, dada mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, akanikaribisha kwenye benchi la watoto. Magoti yakanifika masikioni. Akapanga vizibo ishirini vya chupa mezani. Pindo akagusa cha kwanza, kimya.

"Samahani, mwalimu," nikasimama. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kwa tepu."

"Lakini, mzee, Pindo anatuambia wewe ulisoma mpaka vitabu vikaisha. Darasa zima linajua."

Macho arobaini yakanigeukia. Ulimi uliniwasha, chumvi ilikuwa tayari. Lakini nikamwona Pindo, kidole bado kiko juu ya kizibo, ananingoja.

"Sikusoma," nikasema. "Darasani nimekaa leo kwa mara ya kwanza. Namba nilijifunza mwenyewe, kwenye tepu, na ninazijua za tepu tu. Pindo, Babu alikukosesha. Cha kuanzia nacho kinahesabiwa."

Sauti moja ikatoka nyuma: "Na yule mnene je?"

"Yule ni kweli," nikajibu, nikaketi tena.

Pindo akaja mpaka kwenye benchi, akanishika sikio, akanong'ona, "Hunitanii?"

"Sikutanii, mama."

Akanichunguza uso wote, kama mtu anayekagua mshono. Akarudi mezani. Akagusa kizibo cha kwanza, macho yakiwa kwangu.

"Moja?"

"Moja."

Akaenda navyo taratibu, mpaka ishirini akaitaja kwa sauti ya kuamsha chekechea nzima. Mwalimu akampa chaki aiandike. Sifuri ikatoka safi. Mbili ikatazama upande usio wake.

Mwalimu akanigeukia. Nikainua mikono yote miwili. "Hiyo si yangu, mwalimu!"

Akacheka, akaushika mkono wa Pindo, wakaigeuza mbili pamoja. "Hii tutaendelea nayo Jumatatu."

"Darasa hilihili?" Pindo akauliza.

"Hilihili."

"Babu, umesikia?"

Nilisikia. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, maana mbele ya watoto wa watu mzee hujikaza.