Viti, Meza, Vitanda na Walamizizi

Fundi alikuwa mtu mfupi, tena mfupi hasa, na mtaa mzima ulimwita Nukta. Ulimwita hivyo nyuma ya mgongo wake tu, maana mbele yake hakuna aliyethubutu. Mteja mmoja aliwahi kuteleza ulimi ndani ya karakana, iliyokuwa uani mwa nyumba yake, akauliza, "Nukta, kabati langu limefikia wapi?" Kabati likafikia barabarani siku ileile, bila milango, na mwenye kabati akaambiwa akatafute fundi mrefu amalizie. Tangu hapo wenye akili walimwita Fundi, yakaisha.

Sasa Fundi huyuhuyu alikuwa na kigoda alichokitengeneza vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Kifupi, kigumu, miguu mitatu iliyotanuka. Mafundi wote wa mbao walikitengeneza, na wote walikiita mlamizizi. Walamizizi ni jina ambalo watu wa mji waliwabandika jamaa wa msituni, wale waliokuwepo kabla mji haujawa mji, kwa madai kwamba ni wafupi na chakula chao ni mizizi. Jina lile likatoka kwa watu likahamia kwenye kigoda, na karakanani kigoda kikahesabiwa kama mtu. "Walamizizi wanne wapigwe vanishi." "Huyu mlamizizi mguu wake umepinda, mkate." Fundi alilisema neno hilo tangu ujana wake bila kuwaza lolote, kama anavyosema msumari.

Hadi bintiye alipopata mchumba.

Mchumba alikuwa fundi umeme, kijana mpole, na alikwishakuja nyumbani mara kadhaa kutengeneza nyaya kabla haijagundulika kwamba nyaya hazikuwa na tatizo lolote. Fundi alimpenda. Asubuhi moja binti, ambaye alikuwa muuguzi na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake, akamweka baba yake kitako.

"Baba, mama yake na mjomba wake wanakuja Jumapili tufahamiane."

"Wanakaribishwa. Ni watu wa wapi?"

"Ni Wenyeji."

"Wenyeji wa wapi?"

"Wenyeji tu, baba. Wa hapahapa. Waliokuwepo kabla yetu."

"Ahaa!" Fundi akafurahi kuelewa. "Wala—"

"Baba!"

Fundi akafumba mdomo. Binti akamsogelea, akasema taratibu, na akisema taratibu ndipo pa kuogopa. "Hilo neno likisikika Jumapili, mimi naondoka nao. Sikutishi. Nitafunga ndoa kwao, na wewe utatumiwa picha."

Alikuwa mtoto wake wa pekee, na alimrithi kwa kila kitu, kimo na ukaidi. Fundi alijua kwamba picha angetumiwa kweli.

"Redioni wanasema jamii za asili," mkewe alichangia kutoka jikoni.

"Mama mkwe hataki kusikia," alisema binti. "Anasema asili ni jina la mafuta ya nywele."

"Basi watu wa msituni."

"Yeye ni mpima ardhi, mama. Anakaa ghorofa ya nne. Msituni huenda akiwa na kazi kule. Wenyewe wanajiita Wenyeji, tuwaite Wenyeji, kuna ugumu gani?"

"Na huyo mjomba?"

"Mjomba ni dereva wa lori, mtu wa mzaha. Yeye hujiita kwa lilelile tusi."

"Kumbe!" Uso wa Fundi ukachangamka.

"Anajiita mwenyewe, baba. Wewe hukupewa ruhusa. Na hata yeye, dada yake akimsikia, humkaripia."

Wiki ile ikawa ya mazoezi. Kila Fundi alipoteleza, mkewe alimkabidhi sufuria aisugue, na kufikia Jumatano sufuria zote za nyumba ile zilimeta, za jirani nazo zikaanza kuletwa. Shida ni kwamba kigoda hakikuwa na jina jingine. "Nipe yule... nipe kile," angesema. "Kipi?" "Kile kifupi!" Mteja mmoja akaja kuuliza, "Fundi, walamizizi wapo?" "Hawapo!" alifoka Fundi, na nyuma yake walikuwa wamepangwa mpaka darini. Mteja akaondoka akijiuliza kama mzee wa watu ana homa.

Siku moja kabla ya ugeni, vigoda vyote vilikuwa stoo chini ya turubai, na ulimi wa Fundi ulikuwa umenyooka.

Jumapili ikafika. Sauti ya mjomba ilitangulia kuingia kabla ya mjomba mwenyewe. "Hodi hodi! Ndiyo hapa kwa Fundi Nukta?"

Binti akafunika mdomo kwa kiganja. Fundi akasikia masikio yake yanawaka moto, na mkono wake wenyewe ukaanza kutafuta nyundo ambayo haikuwepo.

"Tumeuliza njia pale kwenye kona," mjomba aliendelea, amejaa tabasamu, hana habari. "Wakasema, kwa Nukta? Kila mtu anapajua!"

Fundi akameza mate mara mbili. "Naitwa Fundi tu," alisema. "Karibuni."

Mama mpima ardhi alikuwa bado nje. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kiasi kwamba Fundi, alipogeuka kumkaribisha, alikutana kwanza na mkoba wake. Alikuwa amesimama ameinua uso, akitazama juu ya mlango. Fundi akadhani anapendezwa na fremu, akavimba kichwa kidogo. Kisha mama akainama, akaingia.

"Karibuni sana wageni wetu," Fundi alisema, "sisi wenyeji wenu tuna furaha..." Akakumbuka. "Yaani, nyinyi ndio Wenyeji. Sisi ndio wageni. Karibuni Wenyeji, sisi wageni tunawakaribisha kwenu... kwetu."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mpima ardhi alitabasamu, kidogo, upande mmoja.

Chai ikanywewa. Wakazungumza habari za mvua, za barabara, za watoto wanavyokua haraka. Fundi alikuwa akimtupia bintiye jicho kila baada ya sentensi, kama mwanafunzi anayesubiri alama, na binti alikuwa akimpa. Mambo yalikwenda vizuri hata Fundi akazidisha. Mjomba aliposukuma kikombe chake cha tatu na kusema, "Sisi walamizizi kwenye chai hatuna mpinzani," Fundi akainua kidole kwa adabu zote.

"Wenyeji, ndugu yangu. Tuseme Wenyeji."

Mjomba akabaki mdomo wazi. Mchumba akainamia kikombe. Mama mpima ardhi akamtazama Fundi kwa muda, kisha akaweka kikombe chake mezani.

"Fundi, nataka kununua kitu."

"Chochote, mama. Sema tu."

"Nataka mlamizizi mmoja."

Binti akageuka kumtazama baba yake.

"Nimesoma pale juu ya mlango," aliendelea, sauti yake ileile ya kuzungumzia mvua. "Viti, meza, vitanda na walamizizi. Kwa rangi nyekundu. Nikasema, kumbe tunauzwa."

Bango! Fundi alilichora kwa mkono wake mwaka aliozaliwa bintiye, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyelisoma tena. Nani husoma mlango wake mwenyewe? Walikuwa wamefunga midomo yao wiki nzima, na kumbe mlango ulikuwa unatangaza.

Binti akasimama. Akauchukua mkoba wake kwenye msumari, akauvaa begani. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Fundi angejua la kufanya, maana kelele walizoeana.

"Baba," alisema. Basi, hilo tu.

"Kaa, mwanangu," mama mpima ardhi alisema. "Sijamaliza. Huyo mlamizizi aletwe nimwone."

Fundi akaenda stoo, akafunua turubai, akachagua kigoda kilicho bora kuliko vyote. Alikibeba kwa mikono miwili. Mama akakipindua, akakigonga kwa vifundo vya vidole, akapapasa maungio.

"Kazi nzuri," alisema. Akakikalia, na magoti yake yakamfika kifuani. "Haya niambie, Fundi. Mimi na hiki tumefanana wapi?"

"Hamfanani popote, mama."

"Nikiwa na miaka saba, siku yangu ya kwanza shuleni, wenzangu walikaa kwenye madawati. Mimi mwalimu alinitolea kigoda kama hiki. Darasa zima likaimba, mlamizizi kamkalia mlamizizi. Niliinuka, sikukaa tena. Nilisoma mwaka ule wote nimesimama."

Mjomba hakuwa anacheka tena. "Dada, hilo hukuwahi kuniambia."

"Ungelifanyia mzaha."

Mjomba akatazama mikono yake. Fundi naye alitazama sakafu, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka utosini.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimelisema neno lile maisha yangu yote. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ndani yake." Alikuwa anasema kweli. Lakini Fundi ni Fundi, kitu kikivunjika mbele yake lazima akitengeneze papo hapo. Akainua mkono juu. "Kuanzia leo, kigoda hiki kitaitwa Mwenyeji!"

Mkewe akafumba macho.

"Kwa hiyo," mama mpima ardhi aliuliza, "mnataka kuendelea kutukalia, ila kwa heshima?"

Chai ikamtoka mjomba puani. Hata binti, na mkoba wake begani, alilazimika kugeukia ukutani.

Mama akangoja kukohoa kuishe. "Pale mlangoni," alisema, na sasa sauti ilikuwa na upole ndani yake, "ndugu yangu alipokuita lile jina, nilikuona. Uso ulikukunjamana mpaka nikakuonea huruma. Nilitaka kumkanya. Ndipo nikainua macho nikasoma bango."

Akanyanyuka, akakisukuma kigoda mbele ya Fundi.

Fundi akakitazama kigoda. Kifupi, kigumu, miguu imetanuka. Akamtazama bintiye, na ule mkoba begani. Kisha akatoka nje bila kusema kitu, na wote wakadhani amekasirika. Wakasikia ngazi inaburutwa. Wakasikia msasa unakwaruza mbao.

Walipotoka walimkuta juu ya ngazi, amesimama kwa ncha za vidole na kopo la rangi nyekundu limening'inia mkononi. Neno la mwisho la bango lilikuwa limefutika kabisa. Mahali pake Fundi alikuwa anaandika herufi moja moja, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto wa chekechea. N. U. K.

"Baba," binti aliita, "unafanya nini?"

"Nakipa kigoda jina la mtu ninayemjua."

Jirani mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisoma, akarudia kusoma, akaenda kugonga mtaro. "Fundi!" alipaza sauti kutoka mtaroni. "Umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika mwenyewe," Fundi alijibu huko juu.

Viti, meza, vitanda na nukta. Binti alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati kikawa machozi, akaingia ndani kuurudisha mkoba kwenye msumari. Mama mpima ardhi akaja akaishika ngazi, maana ilikuwa inayumba.

"Mstari umepinda," alisema.

"Umepinda wapi?"

"Kulia. Shusha hiyo herufi ya mwisho."

Fundi akaishusha.

Ndoa ilifungwa, na Fundi hakutumiwa picha kwa sababu alikuwa ndani ya picha zote, safu ya mbele ili aonekane. Mjomba aliacha lile neno, angalau dada yake akiwa karibu. Na jina jipya la kigoda likaenea kuliko alivyotarajia mwenyewe. Wateja waliingia karakanani na vicheko vimewajaa mashavuni. "Fundi, nipe nukta mbili." Fundi aliwapa, ameuma meno. Alijiambia kwamba atazoea. Hakuzoea.

Siku moja akaingia mama mmoja na kigoda kwapani, amefura. "Fundi, hizi nukta zako hazina maana! Ukiikalia kidogo tu inalia. Na zote ni hivyohivyo, ukiona moja umeziona zote."

Fundi akakamata nyundo. Akamtazama usoni yule mama, akitafuta dhihaka. Haikuwepo. Alikuwa anazungumzia kigoda, basi, na mguu wa kigoda ulikuwa umelegea kweli. Fundi akaukaza, akaupiga gundi, akamkabidhi, na yule mama akashukuru vizuri akaenda zake.

Mkewe alipoleta chai alimkuta amekaa juu ya nukta, nyundo bado mkononi, anatazama mlangoni.

"Hakuwa na nia mbaya," Fundi alisema.

"Hakuwa nayo," mkewe alisema, akampa kikombe. "Hata wewe hukuwa nayo."