Thamostati ya Sebuleni

Wewe unayesoma, usijifanye. Uliniona Jumamosi ile ya Julai 2004 nikishuka mtaa wa Kibomet, Kitale, na ngazi begani na waya shingoni, ukageuza uso ukaanza kukagua mawingu. Ulijua kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba niliyokuwa naiendea. Mtaa mzima ulijua. Mkasema, "Huyo ni Wekoye wa Kanduyi, amekuja kupigana na serikali mpaka Kitale," mkafunga milango. Nawakumbuka wote. Miwani yangu naisahau kila siku, lakini sijawahi kumsahau mtu aliyenipa mgongo.

Ila leo sina nguvu ya kuwatukana vizuri, kwa sababu mjinga mkuu katika habari hii ni mimi.

Kijana wangu Derrick alikuwa amepanga nyumba ya zamani ya mkulima mzungu, nyumba ya mawe ambayo ndani kuna baridi kuliko nje. Mzungu alikuwa ameweka boila ya dizeli kwenye kibanda nyuma ya jikoni. Inachemsha maji, maji yanazunguka kwa mabomba mpaka kwa vyuma vya ukutani katika kila chumba. Boila yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni thamostati, kile kijisanduku cha ukutani kinachoonja hewa: chumba kikipoa kinawasha boila, kikipata joto kinaizima. Bila hicho, Derrick aliwasha na kuzima kwa mkono, na Derrick ni mtu wa kusahau.

Mkewe Jerono, binti wa Mlima Elgon, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Msichana mdogo, tukampa jina la marehemu mama yangu, Nasambu. Nesi alipowaruhusu kwenda nyumbani aliwapa onyo moja: chumba cha mtoto kisipoe.

Kwa hivyo nikaitwa. Umeme nilijifunza vile nilivyojifunza katiba: kusoma peke yangu na kubishana na walioandika. Na kazi hii ni rahisi, thamostati ni swichi tu. Nilizima umeme, nikakata waya wa moto unaoenda kwa boila, ncha moja nikaifunga upande huu wa thamostati mpya, nyingine upande ule. Nikarudisha umeme. Boila ikanguruma. Nikajisikia kama nimekomboa nchi.

Shida ilikuwa ukuta wa kuitundika. Maelezo ndani ya boksi yalisema: iweke kwenye chumba kinachohitaji joto. Chumba chenyewe ni kile cha kulala, alimokuwa Jerono na mtoto. Na mimi ni baba mkwe. Kwetu Wabukusu baba mkwe hamsalimii mke wa mwanawe kwa mkono, sembuse kukanyaga chumba chake cha kulala! Mimi niliyeingia ofisi ya D.C. bila kubisha, mimi niliyemnyang'anya chifu kipaza sauti mbele ya wananchi, nilifika kwenye mlango ule nikarudi nyuma kama kuku aliyemwagiwa maji.

Nikaifunga sebuleni.

"Baba, si mtoto yuko huku kwingine?" Derrick akauliza.

"Joto ni joto. Likifika sebuleni limefika nyumba nzima. Kwani ulisomea nini huko chuoni?"

"Biashara."

"Basi fanya biashara yako."

Saa nane mke wangu Phelista akafika kutoka Bungoma na akina mama wa kanisa, wamekuja kuona mtoto. Kuku, ndizi, thamosi za chai. Chumbani aliingia Phelista peke yake. Wengine wakabanana sebuleni, wakaimba, wakapiga makofi. Nje mvua ya Kitale. Nami nikiona watu wameketi na mimi nimesimama, nahutubu. Nilianza na maji tuliyoahidiwa mwaka 1983. Nilipofika uchaguzi wa 1992 nilikuwa nimevua koti. Nilipofika 1997 vioo vya madirisha vilikuwa vinatoa jasho.

Phelista akatokea mlangoni. "Baba Derrick, hicho chuma cha huku kimepoa."

"Haiwezekani."

"Ati haiwezekani! Miguu ya mtoto ni barafu. Kuja ushi—" Akakumbuka siwezi kuingia.

Nikatoa kichwa dirishani nisikilize kibanda. Boila ilikuwa kimya. Damu ikanipanda.

"Ni Gicheru!" nikapiga kelele. Gicheru ndiye mwenye nyumba. "Ametutilia maji kwa dizeli! Namjua tangu zamani!"

"Aii!" akina mama wakawaka, wakasimama, kila mmoja na lake juu ya wenye nyumba. Sebule ikachemka zaidi.

Ndipo sauti ikapenya ukutani. Jerono, ambaye tangu aolewe hakuwa amenipa zaidi ya salamu akiangalia chini.

"Baba! Hicho kitu chako kinasikia joto la nani?"

Nikainua macho. Thamostati ilikuwa juu ya vichwa vya akina mama, kando ya rafu ya thamosi zilizo wazi zinazofuka, na ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Ilikuwa imeonja jasho la wageni, mvuke wa chai na hotuba yangu, ikaamua nyumba imetosheka. Aliyezima boila ni mimi na mdomo wangu. Gicheru wa watu alikuwa kwake anakula.

"Nje, nyote," Phelista akasema. Wakatoka barazani na vikombe vyao.

"Ileteni huku," Jerono akaita.

Derrick akarudi nyuma. "Buda, mimi umeme unanitisha."

"Nikiingia humo," nikasema, "wazee watasema nini?"

"Wazee wana blanketi zao, mtoto ndiye ana baridi," Jerono akajibu. "Ingia, Baba."

Nilizima umeme, nikaing'oa, nikavuta waya. Niliingia kinyumenyume, macho kwenye dari, kisogo kikagonga kabati.

"Kushoto, bana!" Phelista akafoka.

Jerono alikuwa ameelekeza uso ukutani, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, blanketi limewafunika wote wawili. Blanketi lilikuwa linatikisika. Mkamwana wangu alikuwa ananicheka. Nikaifunga thamostati ukutani, mbali na dirisha, mbali na kile chuma.

Derrick akarudisha umeme. Nyuma ya jikoni boila ikanguruma. Mabomba yakaanza kugongagonga. Phelista alikuwa ametia mkono chini ya blanketi, ameshika miguu ya Nasambu.

"Bado," akasema.

Barazani hakuna aliyeimba.

"Bado."

Kisha akapapasa mguu mmoja, akapapasa mwingine, akatoa mkono, akajifuta macho kwa leso. "Imeanza kupata moto."

Yangu ni hayo. Usiniandikie kunipongeza, usingoje mkutano, usinitafutie Gicheru mwingine wa kulaumu. Hapo ulipoketi unajisikia vizuri, ndiyo maana hujui. Nyumba uliyomo, au ya jirani, ina chumba cha nyuma na mdogo amelala humo. Weka karatasi hii chini uende umshike miguu. Ikiwa baridi, fukuza wageni, nyamaza, mpeleke joto. Sasa hivi. Inuka!