Vipande Themanini na Saba

Boksi lilifunguliwa Jumamosi saa tisa alasiri, vyombo vya mchana vikiwa vimeshaoshwa na meza imepanguswa mara mbili. Lilikuwa limekaa chini ya kitanda cha Mama miaka arobaini na moja, bado limevikwa nailoni ya dukani. Picha ya juu yake, helikopta ya kijeshi ikipita juu ya msitu, ilikuwa imepauka mpaka miti yote ikawa ya buluu. Mama alipiga magoti akalivuta mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Liunge," alimwambia binti yake. "Nimechoka kulitunza."

Binti huyo alikuwa na miaka hamsini na sita, na mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, kwa sababu alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki. Nusu ya watu waliocheka kwa kujiamini mtaani pale walicheka kwa meno aliyoyatengeneza yeye. Alikuwa na mkono mtulivu na ulimi usiolala, na boksi lile alilijua vizuri. Kaka yake alilinunua akiwa na miaka ishirini na nne, fundi wa helikopta jeshini, akaahidi kwamba akija likizo wataliunga pamoja, yeye na mdogo wake.

Likizo haikufika. Helikopta aliyokuwa akiihudumia ilianguka kwenye kinamasi. Maiti nne zilipatikana, majina manne yakachongwa kwenye ukuta wa mashujaa mbele ya makao ya jeshi. La kaka halikuchongwa. Kamanda wake aliandika kwamba fundi huyo aliacha nati moja bila kuikaza, akatoroka kabla helikopta haijaruka, na hajulikani alipo. Mama akawa mama wa mtoro. Walipewa siku tatu kuhama nyumba za kambi, na kwa miaka mingi baada ya hapo, akiingia mahali, watu walishusha sauti.

Sasa Mama alikuwa na miaka themanini na minane, na duniani alibakiwa na jambo moja tu la kutaka: jina la tano kwenye ukuta ule. Alilitaka angali hai, aliguse kwa kidole chake mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Alikwisha kuandika barua kumi na tisa. Alijibiwa mbili, na majibu yote mawili yalisema faili lipo.

Vipande vilikuwa themanini na saba, vya plastiki ya kijani, vimeshikana kwenye fremu zao kama maharagwe ambayo hayajachambuliwa. Fundi Meno alivihesabu na kuvilinganisha na karatasi ya maelekezo. Hakikukosekana hata kimoja. Gundi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka ikawa jiwe, kwa hiyo alitumia maji makali aliyozoea kuungia meno. Stika zilikuwa zimegeuka manjano. Alizibandika kwenye kioo cha dirisha siku nne, jua likazipausha zikarudi kuwa nyeupe. Kila jioni akitoka kliniki alikaa mezani na tupa zake ndogo na msasa, akakwangua kila kipande kama gego la mteja mwenye mdomo wa malalamiko. Mama alikaa kando yake, haoni vizuri, lakini akisikiliza.

Pande mbili za mwili wa helikopta zilipokutanishwa, kitu kizima kikawa kizito. Fundi Meno alikipima kwa mizani ya jikoni: kilo moja na robo. Aliandika uzito huo pembeni mwa karatasi ya maelekezo, akaweka tofali chini ya mguu mbovu wa meza, akaendelea na kazi.

Hatua ya kumi na tisa ilihusu mlango wa kushoto. Maelekezo yalisema waweza kuuacha wazi, viti vionekane, au kuufunga. Mtu mwingine yeyote angeuacha wazi. Raha yote ya kitu kama kile ni kuchungulia ndani. Lakini Fundi Meno alikuwa amekula miaka thelathini akiziba mapengo ya watu, na pengo lilimkera kama kitanda kisichotandikwa kinavyowakera wengine. Aliufunga mlango. Akapaka gundi, akaziba ufa kwa puti, akasugua mpaka ukucha ukipita haukuhisi kiungo. Alijisifu, tena kwa sauti.

Mapanga manne ya juu aliyafunga Jumapili ya wiki ya pili. Alikuwa jikoni akiinjika chai yalipoanza kuzunguka. Mapazia yalielekea nje yote kwa pamoja. Karatasi ya maelekezo iliruka ikanata darini na kukaa huko. Baada ya dakika chache jirani wa upande wa kulia aligonga.

"Jamani, nimetoka kuanika," alisema. "Helikopta yenu inanijazia vumbi kwenye mashuka."

"Samahani, mama," Fundi Meno alisema. "Hata sisi hatujajua inazimwaje."

"Basi igeuzieni kule kwa mwenye kelele za redio."

Waliigeuza. Mapanga yalipungua mwendo yenyewe, yakasimama, na katika utulivu uliofuata walisikia kitu kinagonga kioo cha helikopta kwa ndani.

Mle ndani mlikuwa na mwanga wa kijani, kama wa chini ya maji. Kaka alikuwa amesimama katikati ya viti, amevaa ovaroli, ana miaka yake ishirini na nne, na urefu wake ulikuwa wa kidole kidogo cha mkono. Nyuma yake kulikuwa na hodhi la kuogea, la chuma, jeupe, lenye miguu minne kama ya paka. Hodhi halikuwa miongoni mwa vipande themanini na saba. Fundi Meno alikuwa na hakika na hesabu yake.

"Shikamoo, Mama," kaka alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nimechelewa, Mama. Na huyu bibi ni nani?"

"Huyo bibi ni mdogo wako."

Kaka aliusogeza uso kwenye kioo, akamkagua dada yake kuanzia mvi hadi miwani.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Na wewe umepungua," alisema Fundi Meno, kisha akavua miwani akalia, maana hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumtania namna ile, na alikuwa amemkosa sana.

Waliongea mpaka chai ikapoa. Asubuhi ya safari, kaka alieleza, Kamanda alileta hodhi lile na mifuko ya saruji, vipelekwe ng'ambo ya kinamasi alikokuwa akijenga nyumba yake. Mzigo ulizidi. Fundi ndiye aliyetakiwa kutia saini kwamba helikopta inafaa kuruka, na fundi alikataa. Kamanda akatia saini mwenyewe.

"Na wewe?" Mama aliuliza. "Umeshakataa. Ulipanda ya nini?"

"Wenzangu walikuwa wameshakaa ndani, Mama."

Mama aliweka kiganja juu ya helikopta, kwa upole, kama mtu anayepima homa.

"Fungueni mlango basi," kaka alisema. "Nishuke ninyooshe miguu."

Hapo ndipo Fundi Meno alipokumbuka kazi yake nzuri. Alileta keekee yake ndogo ya kliniki, akatoboa kitundu kwenye kiungo alichokisugua kwa majivuno. Yalitoka maji. Yalikuwa ya kinamasi, yananuka matope, yakajaza kikombe, yakajaza sahani ya kikombe, na ndani kaka akawa amezama magotini na yanapanda.

"Ziba!" alisema. "Ziba, mdogo wangu. Ungeuacha wazi tangu mwanzo ningetoka. Sasa imeshakuwa."

Aliziba kwa nta. Mama alimwambia asijitese, kwamba kaka yake amepatikana na ana ushahidi kamili nyuma yake wenye miguu minne, na kesho wanakwenda ofisini.

Ofisi ya kumbukumbu za jeshi ilikuwa na benchi moja, feni moja, na picha kubwa ya Kamanda katika fremu ya dhahabu, kwa kuwa baada ya kinamasi alipanda vyeo vitatu na kustaafu kwa heshima. Sajini wa kumbukumbu alikuwa mtu mwema. Hili lisemwe mapema, asije akalaumiwa bure. Aliinuka akampisha Mama kiti chake. Aliiweka helikopta juu ya meza kwa mikono miwili, akachungulia.

"Namba yako ya jeshi?"

Kaka alibana visigino akaitaja. Sajini alifungua faili, akafuata kwa kalamu. Aliomba aone kovu la kidevuni, akaonyeshwa. Kisha akachukua rula, akaisimamisha kwenye kioo.

"Sentimita tano na nukta nne. Hii ni ya kipimo gani?"

"Moja kwa thelathini na mbili," Fundi Meno alisema haraka. Alikuwa amelileta boksi kwa ajili ya swali hilo hilo.

Sajini alizidisha kwenye karatasi. "Mia moja sabini na mbili na nukta nane. Faili linasema mia moja sabini na tatu." Alimtazama kaka kwa makini. "Simama wima, askari."

Kaka alisimama wima. Ikawa mia moja sabini na tatu kamili.

Fundi Meno alimshika Mama mkono. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu utotoni. Alitaka kumkumbatia Sajini, rula na yote. Sajini naye alitabasamu, akagonga muhuri, akavuta fomu nyingine.

"Kwa hiyo amerudi," alisema.

"Amekufa," alisema Fundi Meno. "Alikufa na wenzake. Ndicho tulichokuja kusema."

"Dada, anaongea."

"Niko chini ya maji huku, afande," kaka alisema. "Tangu siku ile."

Sajini aliandika: *anadai yuko chini ya maji*. "Na hilo hodhi ni la nani?"

"La Kamanda, afande."

Sajini aliliangalia hodhi kwa muda. Aliinua macho kwenye picha ya ukutani, akayashusha. "Hodhi halimo kwenye faili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Sasa, askari, taratibu ni kushuka na kupiga saluti mbele ya meza. Shuka."

"Siwezi, afande."

*Amekataa kushuka*, Sajini akaandika.

"Hajakataa!" Fundi Meno alisimama. "Mlango niliufunga mimi. Mimi, kwa mkono wangu huu, kwa puti. Niandike mimi."

"Hakuna mahali pa kuliandika hilo, dada," alisema Sajini. Akageuza fomu mbele na nyuma amwonyeshe. Ni kweli, hapakuwapo.

Alipanda ghorofani na faili, akakaa huko saa nzima. Feni ilizunguka. Kaka aliuliza habari za mtaa wa zamani, nani kaoa, nani kahama, na Mama alimjibu moja moja, kwa raha, akiwa ameshika kikapu chake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kupokea zawadi. Fundi Meno alikuwa ameshaelewa. Walikuja kuthibitisha kwamba ni yeye, na walikuwa wamefanya kazi safi mno.

Sajini alirudi akasoma akiwa amesimama. Askari aliyetoweka amejitokeza mwenyewe, na hilo limehesabiwa kwa faida yake. Atafungiwa siku tisini, kisha amalizie miaka miwili iliyobaki ya mkataba. Kwa kuwa hakuna mahabusu ya kumtosha, atafungiwa hapo hapo ofisini, juu ya kabati la mafaili.

"Na ukutani?" Mama aliuliza.

"Ukutani ni kwa waliokufa, mama. Mwanao yu hai." Alimpa mkono. "Hongera sana."

Miaka kumi ya mwanzo Mama angetoa macho yake yote mawili ili ofisi ile imwambie maneno hayo. Sasa aliyasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatafuta benchi kwa kupapasa. Fundi Meno ndiye aliyepasuka. Alimsema Kamanda kwa fremu yake ya dhahabu, akalisema jeshi, akasema saruji, akasema nati ambayo ilikazwa, na sauti ikamkauka. Sajini aliandika sehemu. Sehemu nyingine alisema zinajirudia.

"Mdogo wangu," kaka aliita kutoka ndani. "Acha. Mpeleke Mama nyumbani, ameshinda na njaa."

Sajini alipanda kiti akaiweka helikopta juu ya kabati, chini ya picha. Hapakuwa na nafasi nyingine ya kuiweka.

Siku za kutembelea wafungwa zilikuwa Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Jumatano ya kwanza walifika saa saba na nusu, Mama amevaa gauni lake jipya. Mlangoni kulikuwa na daftari la wageni lenye safu tatu: jina, uhusiano na mfungwa, saini. Sajini alieleza kwamba mfungwa anaandikwa kwa kosa lake, ndivyo daftari lilivyo, na asiyejaza safu zote haruhusiwi kuingia.

"Twende zetu, Mama," Fundi Meno alisema. "Usiandike hilo. Tutaandika barua nyingine."

Mama aliomba kalamu. Aliinama karibu kabisa na karatasi kwa sababu ya macho, akaandika jina lake, kisha katika safu ya pili, kwa mwandiko wake wa zamani wa kuunganisha herufi, akaandika *mama wa mtoro*, akatia saini. Akauliza kiti kiko wapi, akaletewa, akaingia kuongea na mwanawe.