Mama Mkwe Kwenye Bembea ya Kuzunguka

Tangu mama mkwe wake aingie nyumbani, fundi wa bembea hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka hajui anakwenda wapi. Mama hakuja kutembea. Alikuja kuona kama kuzungusha watoto wa watu ni kazi ya mtu aliyeoa binti yake.

Asubuhi wakaongozana hadi uwanjani, yeye, mkewe na mama. Bembea ilikuwa imetoka matengenezoni, viti vikining'inia kwa minyororo, injini ya dizeli pembeni.

"Nipandishe," mama akasema.

"Acha kwanza niijaribu tupu, Mama."

"Nimezaa sita, nitaogopa kiti?"

Mkewe akamkonyeza: mpandishe, yaishe. Fundi akamfunga mama mkanda, akauvuta kuhakikisha, akawasha injini.

Ilianza polepole. Mama akapita amekaza uso, akapita tena midomo imelegea kidogo. Mara springi inayozuia waya wa kuongeza mafuta ikakatika, injini ikanguruma, na mwendo ukaanza kupanda wenyewe.

Fundi aliyaona mambo kwenye minyororo. Haikulala nje tu. Ilibaki nyuma kidogo ya mikono ya chuma iliyoibeba, maana ilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kumvuta mama ndani asitoke kwenye duara, na kumkokota mbele aende kasi zaidi. Na kila kasi ilipozidi, mvuto wa kwenda ndani nao ulizidi, hadi mama akawa karibu kulala ubavu hewani.

"Shika breki!" mkewe akapiga kelele.

"Nikiikamata ghafla atarushwa mbele!"

Akakimbilia koki ya mafuta, akaifunga kwa nguvu. Lakini mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini ulikuwa bado nayo ndani, na injini ikaendelea kuyanywa bila haraka ya kuyamaliza. Fundi hakuwa na pa kuweka mikono. Alienda kwenye breki, akairudia koki, akaishika tena kana kwamba koki iliyofungwa inaweza kufungwa zaidi. Kila mama alipopita, upepo ulimkata kauli: "We mwana—!" Kisha, "Mwana wa—!"

Mkewe alikuwa amefumba macho.

Hatimaye injini ikakohoa, ikazimika. Minyororo ikateremka taratibu, taratibu kuliko subira ya fundi, mpaka viti vikasimama.

Mama akashuka. Akaukataa mkono wa bintiye, akaushika wa fundi kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, kisha akauachia akatapike kando ya uzio. Aliporudi alijifuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Hicho kilichokatika, kinauzwa wapi?"

"Mjini, Mama."

"Kalete kipya. Leo asipande mtoto wa mtu hapa."

"Sawa, Mama. Nisamehe."

Mama akamwonyesha njia ya mjini kwa kidole. Fundi hakujua kama amehukumiwa au ameachiwa. Akadandia baiskeli, akaondoka mbio.