Kitanda cha Chiriku

Nilikuwa napiga randa mbao ya mwisho ya ubavuni waliposimama mlangoni, binti yangu na mume wa mama yake. Binti ana miaka tisa. Tangu ajue kusema tunamwita Chiriku, ingawa kwangu siku hizi huongea kidogo kidogo, kama mgeni.

"Hodi, mume mwenza," alisema Mwalimu. Yeye hufundisha hesabu, na utani huu aliuanza mwenyewe.

"Punguza sauti. Majirani watauliza mke wetu yuko wapi."

"Yuko kazini. Anasubiri simu."

Mimi na Mama Chiriku tuliachana miaka miwili iliyopita, bila kurushiana vyombo. Mtoto alibaki kwake, kwa kuwa mimi nilikuwa nalala nyuma ya karakana. Mwezi huu nimepanga vyumba viwili, na hiki tulichokuwamo kitakuwa chake. Mama yake amekubali mtoto akae wiki moja kule, wiki moja huku, kwa masharti mawili: awe na kitanda chake, na aseme kwa kinywa chake kwamba anataka. Sharti la kwanza lilikuwa kazi ya mikono yangu. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Niliunga mbao, nikakaza skrubu, nikapanga chaga, nikatandika blanketi juu yake.

"Jaribu, mama," nilimwambia binti yangu.

Alivua viatu akalala chali. Kichwa kiligusa mbao ya juu, miguu ikagonga ya chini, ikabidi akunje magoti. Akabaki hivyo, anatazama dari, kwa adabu ambayo sikuipenda.

"Kinatosha," alisema.

"Hakitoshi."

Mwalimu alikohoa. "Kipimo ulikitoa wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Kila nilichowahi kutengeneza kimo humo, na vipimo vyake. Nilikuwa nimefungua ukurasa wa kitanda cha kwanza cha Chiriku, cha alipokuwa na miaka minne, nikanakili namba bila kuongeza hata inchi. Kwa mteja nisingefanya hivyo. Mteja ningempima.

"Mwezi uliopita alikuwa futi nne na inchi nne," Mwalimu alisema taratibu. "Huwa tunampima kila mwisho wa mwezi."

Nilitaka kumchukia. Nikatafuta sababu, nikaikosa. Mtu anayempima mwanao kila mwezi utamwitaje mwizi?

"Nne na tano," Chiriku alidakia, bado amelala. "Anko alinipima nimeinama, halafu akanifokea eti natikisika."

"Sikukufokea."

"Ulifoka, anko. Kwa sauti ile ya darasani."

Mwalimu akacheka, nami nikacheka. Nikampa binti futi kamba.

"Haya, fundi ni wewe. Nikifanye urefu gani?"

Alishuka, akaivuta sakafuni kutoka ukutani, akaifuata kwa magoti mpaka karibu na mlango. "Futi sita."

"Utalala na nani humo?"

"Peke yangu. Si nitakua? Ukifanya kifupi, mwaka kesho utakibomoa tena."

Nilipanguza mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mwaka kesho utakuwa bado unakuja?"

Alinitazama kama anavyomtazama mtu asiyeelewa somo. "Sasa futi sita za nini, baba?"

Mwalimu akapiga simu, akampa. "Mama, kitanda bado," Chiriku alisema. "Baba alikosea kipimo. Si sana. Ndiyo, nataka. Nimesema nataka, mama. Lakini kikiisha."

Walipoondoka nikalegeza skrubu, nikazitia kwenye kopo. Mbao fupi nikaziegemeza ukutani. Zitafaa kwa rafu. Mbao ndefu sikuwa nazo, na duka la mbao lilikuwa limeshafungwa. Nikaandika kwenye ukurasa mpya: futi sita. Nikaacha kichwa cha kitanda kimesimama peke yake katikati ya chumba, nikaenda kunawa.