Ukiniona Mimi, Simama

Kaka yangu ndiye aliyebuni ujanja ule, na aliwasimulia ndugu wote kana kwamba kagundua dawa. Tangu Mama apate kiharusi, miguu yake ni mizima ila kichwa hakijui tena mbali na karibu, wala asubuhi na alasiri. Daktari alisema atembee. Basi kaka akawa anampeleka kwenye ile njia ya lami inayozunguka bwawa, ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, isiyopita gari. Humwachia aanzie getini, na kaka mwenyewe hubaki palepale kumngoja. "Mama, tembea. Ukiniona mimi, simama."

Na Mama hutii. Ukimpa neno analishika kama amana. Ndiyo maana siku zangu mimi hufunga cherehani, wateja wakanuna watakavyo, nikatembea naye bega kwa bega. Kaka husema napenda kujitesa. Jumamosi ni zamu yake.

Jumamosi hiyo nilipeleka mapazia kwa mteja jirani na bwawa, nikasema nipite niwasalimie. Gari la kaka lilikuwepo. Mwenyewe hayupo. Getini alikuwepo mkodishaji baiskeli tu, amekaa chini ya mwavuli anaziba pancha.

"Mama wa kofia ya njano? Yule ana mazoezi," aliniambia. "Kapita hapa, kapita tena, na tena. Kila akifika anaangaza macho, halafu huyo. Nimemkaribisha maji, akasema hajaruhusiwa kusimama."

Nilitazama ng'ambo ya barabara, nikamwona kaka yangu kupitia kioo cha dirisha la kinyozi, shuka jeupe shingoni, povu kidevuni, kichwa kakilaza nyuma kama sultani. Nikavuka, nikaingia.

"Mama yuko wapi?"

"Si anatembea," alijibu bila kufumbua macho. "Foleni ilikuwa ndefu, mdogo wangu. Sasa ndiyo nimepata kiti."

"Jua la utosi hili anazunguka, kwa sababu hakuoni."

"Punguza sauti, upo kwa watu. Njia ni ya mzunguko, atapotelea wapi?"

Kinyozi aliinua wembe akatungoja tumalize ya kwetu. Nilitoka kabla sijamnyang'anya.

Nilichukua baiskeli ya kwanza niliyoifikia, nikabana sketi kwa pini za kazini, nikaenda kwa kufuata upande ambao Mama angetokea, ili tukutane uso kwa uso. Mishale iliyochorwa kwenye lami ilinionyesha nilikotoka. Mzee mmoja mkimbiaji akanifokea, "Binti, unakwenda kinyume." Nilimwambia walio kinyume nimewaacha kwa kinyozi. Nilimkosea adabu, na sikujuta.

Nilimkuta upande wa pili kabisa, juu ya ukuta wa bwawa, pasipo hata kichaka cha kuazima kivuli. Mkono mmoja umeshika chuma cha ukingo. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka hadi kiatu kimelowa damu, na bado anatembea.

"Mama, simama."

"Sijamwona bado."

"Nimekuja mimi. Mimi si mwanao?"

"Wewe ni mwanangu, nani kasema siyo? Lakini kaka yako kasimama pale juani, mtoto wa watu, ananingoja mimi mzembe. Leo nimechelewa sana. Atakasirika."

"Hajasimama popote, Mama. Yuko kwa kinyozi, kakaa kwenye kiti."

"Usimseme mwenzio vibaya."

Nilimpigia kaka, angalau amwambie kwa simu asimame. Iliita mpaka ikakata. Nikamwomba Mama apande nyuma ya baiskeli, akakataa, aliambiwa atembee. Basi nikaikokota kwa mkono mmoja, wa pili nikamshika yeye, nikajiweka upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie. Njia nzima nilikuwa nikimtukana kaka kimoyomoyo, matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mama alikuwa anachechemea na kunihimiza nikaze mwendo.

Tulipokata kona ya mwisho, kaka alikuwa amesimama getini. Kidevu kinang'aa. Hata yale marashi ya mwisho, yale ya kupigwapigwa shavuni, alikuwa ameyasubiri. Niliyasikia kabla hatujamfikia.

Mama alimwona, akasimama. Miguu ikaanza kumtetemeka hapohapo, ikabidi nimkumbatie asianguke.

"Umependeza, baba," alimwambia. "Nisamehe. Nimekuweka juani muda mrefu."

Nilimkazia macho kaka yangu. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi.

"Usijali, Mama," akasema. "Yamekwisha."

Mama akanigeukia, uso umemchanua kwa furaha.

"Unaona?" akaniambia. "Wala hajakasirika."